Ngazi ya Mbena

Afuataye ngazi hachelewi.

Msemo huu mmeusikia leo ghalani, wanangu, mkacheka, kisha mkauliza umetoka wapi. Chimbuko lake ni hili.

Palikuwa na ghala la vitambaa mjini Morogoro, rafu zake za chuma zikikaribia bati. Karani wa ghala alikuwa Stumai binti Kibwana, mwanamke mchapakazi asiyependa mzigo ulale. Chini yake alikuwapo Mbena, mtu wa makamo, mpole, aliyeteremsha mizigo.

Ghala zima lilikuwa na ngazi moja tu, ya magurudumu, nayo ilikaa mwisho kabisa, karibu na ofisi. Wengine wakitaka robota la juu waliparamia rafu kwa mikono na miguu. Mbena hakufanya hivyo hata siku moja. Alikwenda taratibu hadi iliko ngazi, akairudisha akiisukuma, akaifunga breki, ndipo akapanda. Wenzake wakapiga kelele, "Mbena kaja na mke wa pili!" Stumai naye alicheka.

Ijumaa moja lori la Songea lilikuwa limekwisha kupakiwa, limebaki robota moja la kitambaa cha sare za shule. Dereva akawa anapiga honi bila kupumzika. Mbena akaanza kuondoka.

"Unakwenda wapi?" Stumai akamwuliza.

"Naifuata ngazi, dada."

"Mpaka uilete, dereva si atakuwa amekwisha ondoka? Robota lenyewe moja tu. Panda hapo hapo."

Mbena akatazama juu. "Rafu hizi mimi siziamini."

"Leo tu, Mbena. Nakuomba."

"Haya. Kwa kuwa umesema wewe."

Akapanda, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka rafu ya nne. Akalivuta robota kwa mkono mmoja. Lilikuwa limekwama, lilipokwamuka lilimjia lote kifuani. Stumai akasikia vishindo viwili juu ya saruji, cha robota, kisha cha mtu. Honi ikanyamaza.

Mbena alikaa hospitali siku mbili bila kufumbua macho. Jumapili akafariki. Lori lile halikuondoka mpaka Jumanne, kwa maswali ya polisi na wakaguzi, wala hakuna aliyepiga simu kuulizia sare.

Walimzika kwao, Matombo. Baada ya maziko Stumai aliingia ndani walimoketi wanawake, akapiga magoti mbele ya mama wa marehemu.

"Mwanangu," kizee akamwuliza, "huko kazini kwenu hakuna ngazi?"

"Ipo, bibi."

"Basi ilikuwaje? Maana Mbena tangu utoto wake hakukwea hata mpera. Alikuwa mwoga wa juu."

Mle ndani hakuna aliyejua. Stumai angeweza kuinamisha kichwa, akalia kama wengine, yakaishia hapo.

"Ni mimi, bibi. Alikwenda kuifuata, nikamrudisha. Nilimwambia atachelewa."

Kizee hakupiga kelele wala hakumlaani. Alimshika mkono, akauangalia kama kitu alichookota.

"Afuataye ngazi hachelewi, mwanangu," akasema. "Sasa ndiyo tumechelewa sote."

Stumai alirudi kazini na hakuondoka ofisini kwa tajiri mwenye ghala mpaka zilipoagizwa ngazi nyingine, kila safu ya rafu na yake. Akakataza mtu kutia mguu kwenye rafu, hata kwa boksi la vifungo. Madereva walipopiga honi, alitoka mlangoni mwenyewe akawaambia maneno yale ya kizee, kwa sauti ndogo, kisha akageuka upesi wasimwone uso. Wapakiaji wakayashika, wakayapeleka maghala mengine, mpaka yakafika kwenu bila jina la Mbena.

Basi mkiyasikia tena, msicheke. Yalisemwa mara ya kwanza na mama aliyetoka kumzika mwanawe: afuataye ngazi hachelewi.