Popo Aliyekunja Masikio

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa pango!
Pangoni mna nini?
Mna giza!
Na gizani mna nani?
Simulia, tumjue!

Basi sikilizeni, na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mimi sirudii.

Palikuwa na pango, na ndani yake popo wa kila namna. Walikuwemo pua-jani, ambao puani wameota kitu kama jani. Walikuwemo mkia-nje, ambao mkia wao umechomoza nje ya utando kama mkia wa panya. Walikuwemo popo wa mvi, wenye manyoya ya kahawia yaliyopauka nchani. Na walikuwemo masikio-marefu, wenye masikio karibu sawa na kiwiliwili. Katika hao alikuwemo Mwanapango, mdogo wa umbo, mkubwa wa mdomo, amembeba kifuani mwanawe wa pekee.

Asubuhi moja, tingi tingi, Nyani akaingia. Meno marefu, tumbo halijui kushiba.

"Pango hili langu," akasema, "na nyinyi chakula changu! Leo nakula masikio-marefu, maana masikio yao yanatafunika vizuri, kacha kacha! Kesho nakula wa mvi. Keshokutwa mkia-nje. Pua-jani mtafuata."

Wale wa mvi wakanong'onezana, "Kumbe sisi ni kesho," wakashusha pumzi. Mwanapango akawasikia, akapandwa na hasira.

"Kesho mnaiona mbali, eh? Wapumbavu nyinyi!"

Sasa, masikio-marefu wana desturi yao. Wakipumzika huyakunja masikio, yakajiviringa kichwani kama pembe za kondoo dume. Kinachobaki kimesimama ni kile kinyama chembamba cha ndani ya sikio, na asiyejua hudhani hicho ndicho sikio lenyewe. Mwanapango akakunja, kunju! Wenziwe wakakunja, kunju kunju!

Nyani akapita chini yao, pua juu.

"Wewe, masikio yako?"

"Haya hapa. Mafupi."

"Na wewe?"

"Mafupi."

"Na wewe?"

"Mafupi, bwana, hata mimi nayasikitikia."

Nyani akaguna. Mara akaona kifuani kwa Mwanapango masikio mawili yamesimama wima. Mtoto alikuwa bado hajajua kukunja.

"Ahaa! Na huyu je?" Mkono ukainuka.

Mwanapango akamkumbatia mwanawe. Aliogopa, asikudanganye mtu. Mwanawe alikuwa huyo mmoja tu. Lakini hofu ikageuka hasira, na hasira ikampa maneno.

"Mguse uone! Umesimama kichwa juu, popo unawaona kichwa chini. Hayo si masikio, ni jani la pua limegawanyika. Huyu ni pua-jani, na pua-jani ni sumu. Aliyemla wa mwisho alikuwa chui, na hata mlango wa pango hakuufikia."

Nyani akarudisha mkono haraka. "Sasa nitawatambuaje?"

"Mkague kama popo anavyokaguliwa. Panda, ning'inia kwa miguu, mtazame uso kwa uso. Au unaogopa? Mimi na udogo wangu naning'inia tangu nizaliwe."

Nyani aambiwe anaogopa! Akauparamia ukuta, akaung'ang'ania mwamba kwa vidole vya miguu, akaning'inia.

"Anza na manyoya," Mwanapango akamwambia. "Nchani meupe?"

"Hapana."

"Basi si wa mvi. Mkia umechomoza?"

"Sioni."

"Tazama vizuri, usije ukafa bure."

Nyani akatazama. Macho yakamtoka, uso ukamvimba, miguu ikaanza kutetemeka. Popo hulala akining'inia, vidole vyake hujifunga vyenyewe wala hachoki. Nyani vidole hivyo atavitoa wapi?

"Bibi, mimi nashuka."

"Bado masikio!"

"Masikio yapi?"

"Haya!"

Fya! Mwanapango akakunjua masikio yake. Fya fya fya! Wenziwe wote wakakunjua, masikio marefu yakamzunguka Nyani kila upande.

"Ndio sisi! Si ulitutaka? Haya, tule!"

Tamaa ikampanda Nyani. Akanyoosha mikono yote miwili, akajirusha mbele, miguu ikaachia. Puuu! Akatua kichwa chini kwenye lundo la samadi ya popo, akazama hadi kiunoni, miguu inapunga hewani.

Alipojikwamua alikuwa amepakaa samadi hadi kope. Akanguruma: "Nitawatafuna! Semeni, nani masikio-marefu?"

"Mimi!" akasema Mwanapango.

Kisha, kutoka kule kwa wale wa mvi, sauti ikatoka: "Na mimi!"

"Na mimi!" akasema mkia-nje.

"Na mimi!" akasema pua-jani, na jani lake limesimama puani.

Pango zima likapiga kelele, mimi, mimi, mimi! Nyani akageuka huku, akageuka kule. Yupi ni chakula, yupi ni sumu? Nani angemwambia? Wakamshukia kwa mbawa, pata pata pata, akatoka mbio na mkia katikati ya miguu.

Funzo la hadithi hii, watoto wazuri, ni hili: mwenye meno akija kukukagua, tulia, sema kweli, mwonyeshe masikio yako yote. Mwanapango hakutii, na tazameni yaliyompata: mpaka leo yumo pangoni na mwanawe, na mdomo wake haujafungwa.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyelikubali funzo akalale. Aliyelikataa asogee karibu, tukae wote.