Nafasi ya Wembe

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kuvutia maji, na alikuwa na mdogo wake. Mashine waliinunua pamoja. Undugu walipewa bure.

Mtu huyo aliitwa Mrindoko, na mdogo wake aliitwa Mavura. Walilima vitunguu kando ya mto, shamba kwa shamba, katikati yao mfereji ambao hata mbuzi mzee angeuruka. Walikuwa wamepatana hivi: Mavura anyweshe kwake tangu alfajiri mpaka saa nne, kisha aizime mashine, waibebe wawili kuvuka mfereji, na Mrindoko naye anyweshe kwake. Wakaenda hivyo miaka mitatu, na hapakuwa na neno.

Mwaka wa nne mashine ikaanza kugonga. Haikuwa kelele ya kutisha. Ilikuwa ta-ta-ta-ta, kama ulimi wa mtu anayesengenya nyuma ya pazia. Maji ilivuta vilevile, na iliwaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Lakini Mrindoko aliisikia sauti ile akajiuliza Mavura kagusa nini. Hakumwuliza. Bibi mmoja wa upande ule alizoea kusema kwamba shuku ni mgeni wa ajabu: ukimpa kigoda leo, kesho anauliza kitanda kiko wapi.

Jumapili moja, Mavura akiwa kanisani, Mrindoko akachukua spana akafungua kifuniko cha kichwani mwa injini. Humo akaziona valvu mbili, vile vilango ambavyo injini huvutia pumzi na kutolea moshi, na juu ya kila moja chuma kidogo cha kuibonyeza. Akavitikisa vile vyuma kwa kidole. Vikacheza. Akasema moyoni, kumbe kavilegeza. Akakaza nati zake mpaka visicheze hata chembe, akafunika, akavuta kamba. Injini ikanguruma bila kugonga. Akafurahi kama mtu aliyemziba mdomo mbea. Wala hakumwambia mdogo wake, maana alitaka aone atasema nini.

Mavura hakusema kitu. Na hilo nalo likawa ushahidi.

Haikupita wiki, mashine ikaanza kugoma. Na tazameni ilivyogoma. Alfajiri kwa Mavura iliwaka, ikanywesha, ikazimwa. Ikivushwa mfereji na kufika kwa Mrindoko, haitaki. Anavuta kamba mpaka bega linauma, jasho linamwingia machoni, na mashine inakohoa tu kama mgonjwa anayekataa uji. Ajabu ni kwamba kamba yenyewe ilikuja nyepesi, haina ubishi, kama anavuta uzi kwenye maji. Hilo hakulitia akilini. Alilotia akilini ni moja: kwake inawaka, kwangu inagoma.

Akaanza uchunguzi. Akamimina petroli kiganjani, akainusa kama ina maji. Akabadilisha plagi, ile inayotoa cheche ya kuwashia. Akafungua kabureta, akaiosha, akairudisha. Akachungulia nyayo za mdogo wake kwenye tope, akazifuata zilikotoka na zilikoishia, akakuta zimeishia penye maji, kama nyayo za mtu yeyote anyweshaye shamba. Vitunguu wakati huo vilikuwa vinatia kichwa. Visipopata maji siku tatu nne, hubaki vidogo kama kitunguu saumu, na mwaka mzima wa watoto umekwenda.

Siku moja, penye kivuko, watu wakiwa wengi, mtu akamtania Mrindoko kwamba siku hizi mashine yake imeolewa kwa mdogo mtu. Watu wakacheka. Mrindoko hakucheka. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mavura alikuwa hatua tano tu, anaosha miguu. Akamaliza kuosha miguu, akaenda zake.

Jioni ile Mrindoko aliing'oa plagi akaitia mfukoni, akaenda nayo nyumbani. Kulipokucha Mavura akafika kwenye mashine, akakuta pale pa plagi pana tundu. Hakwenda kugonga mlango wa kaka yake. Alirudi kwake akachukua ndoo mbili, akashuka mtoni, na tangu siku hiyo akanywesha shamba lake kwa ndoo, yeye na mkewe, tuta kwa tuta.

Sasa mashine ikawa ya Mrindoko peke yake, na kila alipomaliza kazi aling'oa plagi akaitia mfukoni. Alfajiri akatia plagi, akavuta kamba, ikawaka. Moyo ukamwambia, umeona? Saa nne akaizima aongeze mafuta. Alipovuta tena, ikagoma. Mavura hakuwa ameigusa. Alikuwa ng'ambo ya mfereji na ndoo zake. Mtu mwingine hapo angejiuliza. Mrindoko yeye alizunguka shamba akitafuta kitu kilichofukiwa.

Alipokosa, akamwita fundi. Hakumwita atengeneze, alimwita amtajie aliyeharibu. Fundi mwenyewe alikuwa mama mmoja wa sokoni, Nakiete, mwenye mikono myeusi ya grisi na maneno machache. Akashika kamba, akaivuta taratibu mara moja. Akauliza mashine inagoma ikiwa baridi au ikiwa ya moto. Mrindoko akajibu kwamba kwa Mavura inawaka na kwake inagoma. Nakiete akamwambia hakuuliza ni kwa nani. Aliuliza baridi au moto.

Mrindoko akafikiri. Siku zote hizo hakuwahi kuliwaza jambo lile hivyo. Akasema, ya moto.

Fundi akangoja injini ipoe, akafungua kifuniko. Akaizungusha polepole mpaka valvu zote mbili zikatulia mahali pa kufunga. Kisha akatoa wembe kwenye karatasi yake, akaupitisha kati ya chuma na valvu. Wembe haukupita. Akajaribu ya pili. Haukupita. Akainua macho.

"Mzee, hii haikuharibiwa na mwenye chuki. Imekazwa na mtu aliyetaka kimya."

Akamweleza, naye akasikiliza akiwa ameinama. Kwamba chuma kikipata moto hurefuka. Kwamba kati ya chuma na valvu huachwa nafasi, nyembamba kama wembe, ili moto ukija pawe na pa kurefukia. Ukiiziba nafasi hiyo, asubuhi ya baridi mlango wa valvu bado utajifunga. Moto ukija, chuma kinaubonyeza, unabaki wazi kidogo, pumzi inavuja, na injini isiyo na pumzi haiwaki hata uivute kwa ng'ombe. Ikigonga sana, punguza nafasi kidogo. Lakini kule kugonga kidogo ndiko uzima wake. Ukikunyamazisha kabisa, umeiua. Akalegeza nati, akapitisha wembe mpaka ukapita kwa kukwaruza kidogo, akafunga, akaiwasha. Akaiacha ichemke kabisa, akaizima, akavuta. Ikawaka kwa mvuto mmoja, na ndani yake, kwa mbali, ta-ta-ta-ta.

Fundi alipokwenda, Mrindoko alikaa na ile sauti hadi jua likapungua ukali. Ng'ambo ya mfereji aliona ncha za vitunguu vya mdogo wake zimekuwa za manjano. Akaizima mashine, akashughulika nayo kidogo, akaipandisha begani. Akavuka mfereji peke yake, mzigo wa watu wawili. Akaitua penye tuta la kwanza. Akatumbukiza mpira mtoni, akatandaza mwingine shambani, akashika kamba, akavuta. Ikatoka pfuu, upepo mtupu. Akavuta tena. Upepo.

Mavura alikuwa anapanda kutoka mtoni na ndoo zake zimejaa. Akasimama. Akaitazama mashine pale palipo tundu, kisha akamtazama mkubwa wake.

"Kaka, tazama nguoni mwako."

Mrindoko akatia mkono mfukoni. Plagi ilikuwamo, bado ya moto. Hakukumbuka alivyoing'oa. Mkono ulikuwa umeing'oa wenyewe, kwa mazoea.

Akasimama nayo kiganjani. Mavura akatua ndoo zake chini, hakusogea karibu wala hakuondoka, akangoja.

Nanyi mnaosikiliza: kati yako na ndugu yako, leo, wembe unapita?