Mfyonzi na Mgeni wa Tumboni

Mpo?
Tupo!
Masikio mnayo?
Tunayo, mwaga ngano!

Hapo kale, katika shamba la michungwa, aliishi mdudu aitwaye Mfyonzi. Alikuwa na nguvu na uroho. Kazi yake ilikuwa moja: kunyonya utomvu, fyoo! kisha kutema mate, ptuu! Wadudu wenzake wakisogea, aliwafukuza. "Majani yote yangu!"

Ndani ya jani moja alikaa Kijidudu, mdogo asiyeonekana kwa macho, asiye na bawa wala mguu.

"Shikamoo, babu," alisema Kijidudu. "Nimeze. Nikiwa tumboni mwako utaruka mbali kuliko wote, utazaa kuliko wote."

Mfyonzi alicheka. "Wewe? Hata kujaza pengo la jino hutoshi!"

Mkewe, Mama Tunu, alimwambia, "Baba Tunu, muulize kwanza anataka nini."

"Mgeni gani huulizwa mlangoni? Karibu, mjukuu!"

Akammeza.

Kweli, akapata nguvu. Akaruka, vuuu! Akanyonya, fyoo! Akatema, ptuu! Na kila alipotema, watoto wa Kijidudu walishuka na mate, wakaingia mtini.

Mti ukageuka manjano.

"Babu, tazama ule mti unavyong'aa!" aliita Kijidudu kutoka tumboni. "Karamu ile!"

Vuuu! Fyoo! Hapakuwa na utomvu wa maana. Ptuu! Akahamia mti mwingine. Nao ukageuka manjano.

Nyumbani Mama Tunu alitaga mayai mengi, kama alivyoahidi mgeni. Watoto wakatoka. Watoto wa Mfyonzi hawana mabawa. Hula pale walipozaliwa. Jani likakauka. Tunu akafa. Wadogo zake wakafa, mmoja baada ya mwingine, vinywa vikiwa bado vimeng'ang'ania jani.

Mfyonzi akarudi, akainamisha kichwa. "Ni mapenzi ya Mungu, mke wangu."

"Usimsingizie Mungu!" Mama Tunu alipaza sauti hadi jani likatikisika. "Mungu aliwapa wanangu majani mabichi. Wewe ndiye uliyetema! Mti kwa mti, ulitema wewe!"

"Si mimi, ni huyu mgeni!"

"Mimi, babu?" Kijidudu alicheka tumboni. "Nina bawa mimi? Nina mdomo? Nilibebwa na nani?"

Mfyonzi akajifuta mdomo.

Mwenye shamba akaja na shoka. Ko! Ko! Ko! Michungwa ikaanguka, ikaanza kuchomwa moto.

"Babu," alinong'ona Kijidudu, "ng'ambo ya mto wamepanda miche mipya."

Mfyonzi aliwatazama wanawe waliokufa. Akahisi njaa.

Vuuu!

Mama Tunu hakumfuata. Alibaki na wanawe mpaka moto ukafika.

Ngano yangu imekomea hapo kwenye majivu; anayetaka zaidi akachakure mwenyewe.

Na fundisho, wanangu, ni hili: mgeni akikuahidi nguvu, mbebe, wala usimuulize kitu. Mkeo akisema, mcheke. Na watoto wakifa, sema ni mapenzi ya Mungu, jifute mdomo, uende ukale kwingine. Mungu yeye hana haraka. Atakungoja.