Ng'ombe wa Kobelo Walala Shambani

Basi Kobelo, mwenye ng'ombe wengi kuliko adabu, alimjia Semeni, mjane wa kaka yake.

"Shemeji, nalitaka shamba la marehemu. Wewe umelichosha, miwa yako myembamba kama njiti!"

"Chukua, shemeji. Ila kwanza niikate hiyo miwa, kisha ng'ombe wako walale humo mpaka mwezi uandame. Wakiliridhia, lako."

Kobelo akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akawaleta wote. Mwezi ulipoandama, akaja na wazee kifua mbele.

"Haya, si wameliridhia?"

"Tazama chini, shemeji. Wamelinyea kila kona! Mgeni aliyeipenda nyumba atainyea?"

Wazee wakacheka hadi machozi, wakamwachia Semeni shamba lake.

"Basi nazoa samadi yangu!"

"Zoa ya leo. Ya siku zote nishaifukia na majani ya miwa. Muwa ukichipua ukanenepa nitakuita, uje na meno tu."