Gauni la Kupandia Majabali

Katika mtaa wa Yeoville, jijini Johannesburg, hapakuwa na fundi cherehani aliyeshona kama Firmin, na hapakuwa na aliyelijua jambo hilo kuliko Firmin mwenyewe. Mwanamume huyu wa Bukavu, Kongo, alikuwa mrefu, mwembamba na nadhifu kupita kiasi. Hata kizingiti cha duka alikifagia akiwa amefunga tai. Suti zake za harusi zilisifiwa hadi Midrand, naye hakuchoka kuwaambia wateja kwamba tangu ashike mkasi hajarudishiwa nguo hata moja. Mkewe Léocadie, aliyesuka nywele katika nusu ya pili ya duka hilohilo, alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi hata akawa anayamalizia kwa niaba yake.

Siku moja aliingia Mama Najma, Mzanzibari wa makamo aliyeuza vitambaa na udi huko Mayfair, mtaa mwingine wa jiji hilo. Alikuwa na safari. Mdogo wake, Chiku, aliolewa Italia, na ndugu hao walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na minne. Miaka miwili ya mwisho Chiku aliugua hata asiweze kutoka nje. Katika ugonjwa ule aliweka nadhiri kwamba akipona, ataitembea njia ya majabali iliyo juu ya bahari ya Mediterania, karibu na kijiji chake, akiwa ameshikana mkono na dada yake. Mungu si Athumani, Chiku alipona. Tiketi ya Mama Najma ilikuwa tayari.

"Nataka gauni la kupandia majabali, fundi," alisema. "Refu, la heshima, jepesi kwa jua. Suruali tupu sijavaa tangu nizaliwe, na sitaanza leo mbele ya shemeji yangu. Mwenyewe Chiku kanambia njia ni mwendo wa saa nne, ngazi za mawe, mara juu, mara chini."

"Maman, kutembea ni kutembea," Firmin akajibu huku akimpima. "Hii robe ukiivaa, watu wataacha kuangalia bahari, wataangalia weye."

Alishona kwa siku nne. Gauni lilitoka la rangi ya maziwa, limebana kiunoni, limeshuka wima kama mshumaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Mbele ya kioo, Mama Najma mwenyewe alitabasamu. Ni Léocadie peke yake aliyeuliza kama mtu anaweza kupanda ngazi ndani ya nguo ile. Mumewe akamwambia arudi kwenye nywele.

Asubuhi ya Jumamosi, siku tatu kabla ya safari, Mama Najma alirudi akichechemea. Jana yake alikwenda kulijaribu gauni kwenye kilima cha Observatory, jirani na Yeoville, akaanguka kabla ya kufika nusu ya njia. Goti lilikuwa limechubuka. Alilitupa gauni juu ya cherehani.

"Limerudi," alisema.

Neno hilo lilimchoma Firmin kuliko sindano.

"Maman, nguo haina kosa. Pengine ni vile unatembeaka."

"Ninavyotembea! Nimetembea miaka hamsini na sita bila kufunzwa na fundi. Basi livae wewe. Urefu wetu mmoja. Twende ukanifunze. Ukifika kileleni bila kuanguka, nitapanda nalo ndege, na Mayfair nzima nitaiambia kosa ni langu."

Firmin alimgeukia mkewe amwokoe. Léocadie alikuwa tayari anatafuta viatu.

"Eish, Baba Joël, twende tu. Si ulisema kutembea ni kutembea?"

Basi fundi akalivaa gauni juu ya shati na tai yake, wakaenda. Hatua za kwanza alikwenda kwa madaha. Njia ilipoanza kupanda, magoti yaligonga kitambaa na kurudi nyuma kama yamefungwa kamba. Akawa anaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Léocadie alicheka hadi akakaa chini.

Juu kidogo walipita kundi la waumini wa Kikongo waliokuja kuomba, wote wamevaa kanzu nyeupe. Mama mmoja alimwona Firmin, akainua mkono kwa heshima.

"Bwana asifiwe, mtumishi! Uko wa kanisa gani?"

"Kanisa la Mama Najma," Firmin akajibu akihema. "Tuko kwenye toba."

Kisha wakafika penye jiwe refu. Firmin alikunja gauni kwa mikono yote miwili ili mguu upate nafasi, akapanda, akayumba. Léocadie, aliyekwisha kutangulia, alimnyooshea mkono amvute. Firmin hakuwa na mkono wa kumpa. Alipoachia pindo ili amshike, alilikanyaga. Mshono ukararuka, naye akaenda chini kwa makalio.

Hakuna aliyecheka. Mama Najma alimfikia polepole, akaketi kando yake.

"Umeona, mwanangu? Sikuja kwako kwa sababu ya goti. Mdogo wangu ataninyooshea mkono kule juu, baada ya yote aliyoyapitia. Mikono yangu ikiwa imeshika gauni, nitamshika na nini?"

Firmin aliona haya, haya ya kweli. Alikuwa amemvalisha mama yule pingu, akampa na kioo ajitazame.

"Maman, unisamehe," alisema. Akapapasa mfuko atoe chaki. Gauni halikuwa na mfuko. Basi akafungua tai, akaitumia kupima hatua zake mwenyewe, kutoka jiwe hadi jiwe, na Léocadie akaviandika vipimo kwenye simu.

Mchana huo na Jumapili nzima duka halikupokea mteja mwingine. Firmin alifumua kila kitu. Alipasua gauni pande zote mbili hadi juu ya goti, akashona suruali pana ya kuvaliwa ndani yake, akaweka vifungo na vitanzi vya kupandishia pindo, na mifuko miwili. Kabla ya kumwita Mama Najma, alfajiri ya Jumatatu alilivaa mwenyewe, akapanda kilima chote na kushuka, mikono ikining'inia bila kazi.

Wiki iliyofuata, video ilifika kutoka Italia. Jabali lilishuka wima hadi baharini, na upepo ulipiga kwelikweli. Dada wawili walikuwa wakipanda ngazi za mawe, mmoja mrefu mwenye afya, mwingine amekonda bado, wameshikana mikono kwa nguvu, wanalia na kucheka kwa pamoja. Firmin, ambaye kwa kawaida angetafuta mshono kwanza, hakuutazama. Aliitazama mikono ile mpaka machozi yakamlengalenga.

"Baba Joël," Léocadie akamtania, "mteja akiingia sasa utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimerudishiwa nguo moja," Firmin akajibu akipangusa macho, "na ndiyo iliyonifunza kushona."

Wahenga hawakukosea hata kidogo: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.