Ngiri na Ukuta Uliozuia Baridi

Jamani, mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani yalinde kuku?

— Tumekuja nayo!

Basi nina hadithi. Iko njiani, inapanda mlima, inahema.

— Ije hivyo hivyo, tutaipokea!

Hapo kale, kale sana, kabla miguu yangu hii haijaanza kunitembeza nchi za watu, palikuwa na mlima mrefu. Huko juu kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Wanyama wa huko walilima viazi mviringo, njegere na kabichi, kila mmoja kwenye kipande chake cha mteremko.

Walikuwa na desturi yao. Mgeni akija kutafuta makao, walimpa nafasi ya kupanda mara tatu. Katika mara hizo tatu ilimpasa apike chungu kimoja cha chakula kilichotoka kwenye udongo wake, awalishe majirani. Akipika, amekuwa mwenyeji na ardhi ni yake. Akishindwa mara ya tatu, anafunga mzigo, anashuka.

Siku moja akaja Bwana Ngiri kutoka nyikani. Huko chini mvua ilikuwa imegoma mwaka wa pili. Mkewe na watoto wanne aliwaacha pale mlima unapoanzia, wakichimba mizizi. Aliwaambia, "Nisubirini. Nikipika chungu changu nitawaita."

Ngiri akapita, akatazama. Akaona bonde tambarare, udongo mweusi, laini kama ugali. Na halina mtu!

"Ama kweli watu wa huku wavivu," akasema. "Bonde zuri namna hii limelala bure, wao wananing'inia mteremkoni kama kupe kwenye sikio la ng'ombe!"

Bi Pimbi alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, anaota jua. Alikuwa mzee, mdogo wa mwili, na alizaliwa kwenye jiwe lile lile. Akasema, "Karibu, mwanangu. Umeuliza kwa nini bonde hilo halina mwenyewe?"

"Niulize nini, mama? Mimi nimelima tangu meno haya hayajatoka!"

"Haya," akasema Bi Pimbi, akageuzia jua mgongo.

Ngiri akapiga magoti kama wapigavyo ngiri, akachimba kwa pua. Akachimba, akachimba, akapanda. Viazi vikaota, majani mapana. Ngiri akawa anatembea mkia juu.

Msimcheke. Mimi niliwahi kubeba miche ya minazi kutoka pwani nikaipanda kwenye nchi ya baridi kama ile, nikaalika na ukoo mzima uje kuona. Mpaka leo wakwe zangu wakiniona na jembe wanatafuta viti, wakae watazame.

Basi. Ikaja jioni moja ya mbingu safi, upepo hakuna. Asubuhi bonde zima likawa jeupe kama limemwagiwa unga. Jua lilipolipiga, weupe ukayeyuka, na majani ya viazi yakalala chini, meusi, kama mboga iliyochemshwa.

Ngiri akapiga kelele: "Nani amemwagia viazi vyangu maji ya moto?"

Maana huko kwao nyikani hakuna kitu kinachounguza isipokuwa moto. Angejuaje?

Bi Pimbi akasema, "Si maji ya moto, mwanangu. Hiyo ni sakitu. Ni baridi inayoganda usiku juu ya majani, hutoka..."

"Baridi haiunguzi, mama! Mimi nina adui, na nitamkomesha."

Bi Pimbi akamhurumia, akamwonyesha kipande cha mteremko kilichokuwa wazi. Ngiri akashukuru, akahamia. Lakini akawaza: adui yangu atatoka kule bondeni. Akakata mabonge ya udongo yenye nyasi, akayapanga upande wa chini wa shamba, kutoka mpaka hadi mpaka. Akajenga ukuta hadi kifuani.

Chini kidogo ya ukuta huo kulikuwa na shamba la njegere la Bwana Kima. Kima akaja, akakaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia.

"Lo! Jirani! Ukuta gani huu? Huku hatujawahi kuona fundi!"

"Unauona ehe?" Ngiri akasema, shingo imemnenepa.

"Nauona. Ila pale kuna tundu. Lizibe. Na ungeongeza kimo kidogo, hapo adui hapiti tena."

Ngiri akaziba tundu. Akaongeza kimo. Kima akaleta na mabonge mawili ya kwake, msaada wa ujirani.

Bi Pimbi akapita na kikapu cha kabichi. "Mwanangu, umeuliza kwa nini sisi hatujengi upande wa chini?"

"Niulize nini, mama? Hamjengi kwa sababu hamjui kujenga!"

Kima akacheka mpaka akashika tumbo. Bi Pimbi akasema, "Haya," akaenda zake.

Viazi vikaota. Ikaja tena jioni ya mbingu safi isiyo na upepo. Asubuhi Ngiri akatoka. Majani yote yamelala, meusi. Na ukuta umesimama wima, hauna hata ufa.

Safari hii Ngiri hakupiga kelele. Alikaa chini.

Akaja njiwa kutoka huko chini, ameleta salamu. "Mkeo anasema hivi: mizizi imekwisha, mdogo wao hasimami tena vizuri. Anauliza, wapande mlima waje, au warudi kwa kaka zake?"

Zilikuwa zimebaki mbegu za kujaza kikapu kimoja na nafasi moja ya kupanda.

"Mwambie anisubiri mpaka nivune," Ngiri akasema. Akanyanyuka, akaenda hadi kwenye lile jiwe. Akapiga magoti, na leo hakuwa anachimba.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuuliza."

Bi Pimbi akashuka jiweni. "Umechelewa hivyo! Mimi jibu nimekaa nalo mpaka limeniuma mgongo. Kwanza mwite njiwa huyo wa watu kabla hajaondoka, ale asife njaa njiani, ampelekee na mkeo njegere zangu. Halafu twende kwako kabla jua halijazama."

Wakaenda upande wa juu wa shamba. Bi Pimbi akakusanya nyasi mbichi, akazitia moto. Moshi ukatoka mzito, mweupe. Ngiri akatazama juu, akingoja upae.

Haukupaa. Ulilala chini, ukaanza kushuka mteremko polepole kama maji. Ukapita kwenye mashina, Ngiri akiufuata, ukafika ukutani, ukakwama. Ukajaa. Ukampanda Ngiri kwenye magoti, ukampanda tumboni.

"Baridi ya huku haina miguu, mwanangu," Bi Pimbi akasema. "Hushuka kama hivi, na ikikosa njia hukaa. Kwenye lile bonde inakaa. Na hapa umeijengea nyumba."

Ngiri akabomoa ukuta katikati. Moshi ukatoka fyuu, ukashuka, ukaenda kutulia juu ya njegere za Kima.

Ngiri akatazama zile njegere. Kila mwaka, alikuwa ameambiwa, nusu yake huungua. Mwaka huu hata jani moja halijajikunja.

"Kumbe ndiyo maana alisifu," akasema taratibu.

"Ndiyo maana," Bi Pimbi akasema. "Sasa umejua. La kufanya ni juu yako."

Asubuhi Ngiri akamwendea Kima. "Jirani, ukuta naubomoa wote. Baridi itakuja kwako. Njoo tuchimbe mkondo, tuipitishe kando, imwagikie korongoni. Kwa watu wawili ni kazi ya siku tatu."

Kima akalala chali. "Haya makubwa! Nguruwe ameanza kuielekeza baridi njia! Nenda zako bwana, mimi njegere zangu zina nguvu."

Ngiri akarudi, akabomoa. Akapanda lile kapu la mwisho. Kila jioni ya mbingu safi alifunika miche kwa majani makavu, na asubuhi akayaondoa. Baridi ikashuka, ikapita, ikaenda zake.

Ilikwenda kwa Kima, na njegere zake zikalala chini, nyeusi.

Siku ya kuvuna Ngiri akatoa viazi vinavyomjaa mtu mkononi. Akamtuma njiwa, mkewe na watoto wakapanda, wote wanne, mdogo wao juu ya mgongo wa mama. Chungu kikatengwa. Majirani wakaja, kila mmoja na bakuli lake.

Desturi ilisema mgeni aanze kumpakulia jirani wa karibu kuliko wote. Na jirani huyo ni nani?

— Kima!

Kima. Amesimama nyuma kabisa, bakuli ameliweka kifuani, macho chini. Mke wa Ngiri akashika upawa, akamtazama mumewe.

Ngiri akamwita: "Jirani, sogea. Chakula kinapoa."

Kima akasogea. Ngiri akamjazia bakuli mpaka juu. Kima hakula. Akasema, na wote wakasikia, "Jirani, mimi nilijua. Ule ukuta, nilijua toka siku ya kwanza."

"Kula kwanza," Ngiri akasema. "Kesho alfajiri uje na jembe. Korongo liko mbali, na mimi peke yangu sifiki."

Kima akala. Wanasema alikula taratibu sana, kama mtu anayetafuna mchanga. Na alfajiri alikuwa wa kwanza kufika.

Funzo lake, jamani: ukihamia nchi ya watu, uliza kabla hujachimba, maana waliokutangulia hawakai walipokaa kwa uvivu. Na ukijua jambo litakalomwokoa jirani, mwambie. Ukimficha, baridi hiyo itakufikia na wewe.

Hadithi yangu imefika juu, imetua mzigo. Aliyeipenda aibebe akateremke nayo. Aliyeona haifai aniachie, nitaichemshia chai.

— Tumeibeba!