Fisi na Mgeuzo wa Kapu

Paukwa!

— Pakawa!

Aa-aa, huko nyuma mmeitikia kama mna njaa. Sogeeni motoni, mwenye mtoto ampakate. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa uwanja na vumbi lake, pakawa wanamieleka na majina yao, pakawa mama mmoja na moyo wake mdogo kama wa kifaranga.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakichota maji kisima kimoja na kugombana kwa lugha moja, palikuwa na mama kijana akiitwa Nyamizi. Alikuwa na mtoto wa kwanza, wa miezi minane, jina lake Kabula, kwa sababu alizaliwa siku ya mvua, na tangu siku hiyo mvua nyingine haikuonekana.

Sasa huyu Nyamizi alikuwa mwoga, na si mwoga wa mchezo. Mtoto akilala sana, anamwamsha aone kama anapumua. Mtoto akiamka, anaogopa kwa nini hakulala. Mtoto akipiga chafya moja tu, Nyamizi ameshafika kwa mama mkwe, hana viatu, khanga inaburuta, "Mama, mtoto anapiga chafya!" Wenzake walimcheka. Lakini na wewe ungekuwa na mtoto mmoja tu, mwenye vishimo mashavuni namna ile, ungemcheka nani?

Aliogopa nyoka, aliogopa moto, aliogopa macho ya watu. Na kuliko vyote hivyo aliogopa Fisi.

Basi kila mwaka kiangazi kikikaza, nchi ile ilifanya mashindano ya mieleka. Si mieleka ya watoto machungani, hapana, hii ilikuwa kazi ya watu. Kulikuwa na wanamieleka waliokula kwa mieleka, waliovaa kwa mieleka, walioposa kwa mieleka. Na mshindi hakupewa taji wala ng'ombe. Mshindi alipewa kisima! Yaani ukoo wake ndio uliochota maji wa kwanza kila asubuhi mpaka mvua irudi. Wengine walifuata kwa zamu, na ukoo wa mwisho ulichota tope.

Ukoo wa Fisi ulichota wa mwisho miaka yote.

Sheria ya uwanja ilikuwa moja, hata watoto waliijua. Mwamuzi Korongo akishampaka mwanamieleka majivu kifuani, mwanamieleka huyo hamshiki mtu yeyote ila mpinzani wake. Akimgusa mwingine, hata kwa kidole, ameshindwa, na ukoo wake unachota wa mwisho, hakuna kubishana.

Siku ya fainali Nyamizi hakutaka kwenda. Wifi yake, Milembe, akamvuta mkono.

"Wifi, twende! Leo ni Kiboko na Fisi!"

"Siendi na mtoto penye Fisi."

"Fisi atakuwa chini ya Kiboko, atapata wapi nafasi ya kumla mwanao? Twende bwana, nimebeba na ukwaju."

Wakaenda, wakakaa mbele kabisa, maana Milembe hakuzaliwa kukaa nyuma. Nyamizi akampakata Kabula, akamzungushia khanga kama mzigo wa safari. Milembe akaanza kumenya ukwaju na kuwachambua wanamieleka, mdomo na mikono vikienda pamoja, kokwa akizitupia mapajani mwake.

"Sikiliza, wifi. Mwanamieleka hutazami ukubwa, unatazama mtindo wake. Mchukue Ngedere. Ngedere ana ngwara ya mkia. Anakuchekea usoni, wewe unatazama meno, kumbe mkia umeshakuzunguka mguu. Puu!"

"Mgongo chini, vumbi juu!" wakaitikia wanawake wa nyuma, maana ndivyo uwanja ulivyoitikia mtu akiangushwa.

"Ila Ngedere hana uzito. Sasa njoo kwa Chatu. Chatu ana kabali ya kilemba. Anakuzunguka kiunoni, anakuzunguka kifuani, anakuzunguka shingoni, na kila ukishusha pumzi yeye anakaza. Wala hakuangushi, unaomba mwenyewe kuanguka. Puu!"

"Mgongo chini, vumbi juu!"

"Ila Chatu ni mvivu, akishiba hapigani. Lakini Kiboko! Ah, wifi, Kiboko ana kifuniko. Anakutupa, halafu anakujia juu mzima mzima kama kifuniko cha chungu, wewe unabaki kuchemka humo ndani. Puu!"

"Mgongo chini, vumbi juu!"

"Na Fisi?" akauliza Nyamizi kwa sauti ndogo.

Milembe akacheka mpaka ukwaju ukamtoka. "Fisi ana mgeuzo wa kapu! Anakudaka, anakulaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, halafu anakuchapa makofi mgongoni, pa! pa! pa!, mpaka pumzi zikutoke ulegee kama mlenda. Huo nao ni mweleka? Hivyo si ndivyo tunavyokung'uta kapu la pumba?"

"Lakini amefika fainali."

"Amefika kwa bahati."

"Alimwangusha Ngedere?"

"Alimwangusha, kwa bahati."

"Na Chatu?"

"Wifi, kula ukwaju!"

Korongo akaingia na miguu yake mirefu, akampaka Kiboko majivu, akampaka Fisi majivu. Kiboko akashangiliwa mpaka majani yakadondoka. Fisi akashangiliwa na watoto wake watatu tu, waliokaa pembeni na vibuyu vitupu, midomo imewapasuka kwa kiu.

Wakashikana. Kiboko akarusha kifuniko, Fisi akachomoka. Akarusha tena, Fisi akachomoka. Akarusha mara ya tatu kwa nguvu zake zote, akaifunika ardhi tupu, gubu!, na kabla hajainuka Fisi ameshamdaka mkono na anamgeuza. Kiboko mzima! Uwanja wote ukasimama. Milembe akasimama, kokwa zikamwagika kutoka mapajani. Nyamizi naye, bila kujijua, akasimama na mtoto wake, anatazama.

Alitazama kidogo tu. Kidogo sana. Kokwa moja ilikuwa imenasa kwenye mkunjo wa khanga, na Kabula ana vidole.

Nyamizi alipoinamisha macho, mtoto halii. Hakohoi. Mdomo uko wazi na hakuna sauti, macho yamemtoka, na uso unabadilika rangi.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Nani amsikie? Watu wote walikuwa wanapiga kelele. Milembe alisikia, akatazama, ukwaju ukamwanguka. "Mungu wangu, amemeza kokwa!" Wakageuka wanawake wa nyuma. Mmoja akasema mpe maji. Mmoja akasema mtie kidole. Mmoja akasema mnyanyue mikono juu. Wote wanasema, hakuna anayemshika, na Nyamizi anamtikisa tu, anamtikisa, anamwita, Kabula, Kabula, Kabula.

Kule uwanjani Fisi akasimamisha masikio. Ule ukelele aliujua, ingawa sijui aliutenga vipi na kelele zote zile. Akauachia mkono wa Kiboko, huku ushindi umebaki robo, akaja mbio.

Sasa fikirini Nyamizi alichokiona. Fisi! Meno nje, majivu kifuani, anakuja moja kwa moja kwa mtoto wake. Akageuka akimbie, lakini umati umemziba.

"Nipe mtoto," akasema Fisi.

"Hapana!"

"Mama, nipe mtoto. Hapumui."

"Utamla!"

Korongo akapiga mabawa huko nyuma. "Fisi! Ukimgusa umeshindwa! Fisi, kumbuka kisima!"

Fisi hakugeuka hata shingo. Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto."

Nyamizi akatazama midomo ya Kabula, ilikuwa ya rangi ya majivu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Katika watu wote wale hakuna mwingine aliyenyoosha mikono. Akampa. Mikono ilitoa, moyo bado unakataa.

Fisi akamlaza Kabula kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini kuliko kiuno, kiganja kimeshika taya. Akampiga katikati ya mabega kwa kiganja bapa. Pa! Kimya. Pa! Kimya. Uwanja mzima sasa umenyamaza, hata Kiboko amekaa kwenye vumbi anatazama. Pa!

Kokwa ikaruka, ikamgonga Mwamuzi Korongo mguuni, ti!

Na Kabula akalia. Jamani, alilia! Alilia kilio kibaya, cha hasira, cha kukwaruza, na Nyamizi hakuwahi kusikia kitu kitamu namna ile tangu azaliwe. Fisi akamgeuza mtoto polepole, akamfuta mate kwa nyuma ya mkono, akamrudisha kwa mama yake.

"Ulijuaje?" akauliza Milembe.

"Kwetu tunakula mifupa," akasema Fisi. "Watoto wetu hukabwa kila wiki. Mama yangu alinifundisha mgeuzo kabla sijaota meno ya nyuma. Mieleka niliingia nao baadaye tu."

Korongo akakohoa, akatazama chini. "Fisi, sheria…"

"Naijua."

"Mshindi ni Kiboko."

"Nimeshinda?" akasema Kiboko kutoka kwenye vumbi. "Mimi? Nilikuwa nageuzwa!" Lakini sheria ilikuwa sheria, na jamaa zake walikuwa wameshaanza kucheza.

Fisi akaenda kuwaokota watoto wake.

"Baba, tumeshindwa?"

"Tumeshindwa."

"Na maji?"

"Twendeni nyumbani."

Nyamizi alitaka kumwita. Alifungua mdomo, neno likakwama. Akafungua tena, likakwama. Alipolipata, Fisi alikuwa ameshatokomea na vibuyu vyake vitupu, na Nyamizi akabaki anamlilia Kabula kichwani mpaka nywele zikalowa.

Kesho yake asubuhi, kisimani, wakaingia viboko kwanza. Na mnajua kiboko hachoti tu, lazima aingie miguu! Walipotoka, maji yameshabadilika rangi. Wakafuata watu. Mbele kabisa ya zamu ya watu alisimama Nyamizi, Kabula mgongoni, mtungi kichwani, na mwisho kabisa wa mstari, mbali kule, walikaa fisi.

Korongo akaita, "Nyamizi, chota."

Nyamizi hakuchota. Alitua mtungi, akautembea mstari wote, akawapita majirani, akawapita swala, akawapita nguruwe, na kila hatua anataka kurudi, maana uoga hauondoki kwa siku moja, nani aliwadanganya? Akafika mbele ya Fisi.

"Mjomba Fisi," akasema.

Mstari wote ukageuka. Fisi hakuwahi kuitwa mjomba na mtu yeyote.

"Njoo na watoto wako mchote kwenye zamu yangu, leo na kesho na mpaka mvua irudi, mimi nitakaa hapa mwisho, na usikatae, nakuomba usikatae, kwa sababu jana nilitaka kukushukuru nikashindwa na usiku kucha sijalala, nilikuwa namsikiliza anavyopumua, kila pumzi nasema hii ni ya Fisi, na hii ni ya Fisi, na hii ni ya Fisi."

Fisi akatazama ardhi. "Mwisho ni tope, mama."

"Nitachuja kwa khanga."

"Korongo, inaruhusiwa hiyo?" akauliza nguruwe mmoja mwenye kidomodomo.

Kabla Korongo hajafungua mdomo, Milembe akapaza sauti kutoka mbele. "Sheria imesema nani anachota wa kwanza. Haikusema nani anampisha nani! Haya, na mimi napisha. Mjomba Fisi, nilisema mengi jana, nimeyameza." Akatua mtungi. Mama mwingine akatua. Mama mwingine akatua. Wenye watoto wote wakatua mitungi, mpaka mstari wa watu ukawa wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na watoto watatu wa Fisi wakapita katikati na vibuyu vyao, wanatembea taratibu, hawaamini, kama watu wanaopita kwenye nyumba ya watu wasiowajua. Wakanywa. Wakanywa, wakanywa, mpaka matumbo yakalia kama ngoma.

"Lakini utufundishe mgeuzo," akasema Milembe.

Basi Fisi akawafundisha palepale, kila mama na kibuyu chake kama ndiye mtoto. "Kifudifudi. Kichwa chini. Shika taya, usishike koo. Sasa kiganja, kati ya mabega." Pa! pa! pa! Milembe akapiga, kibuyu kikapasuka vipande viwili.

"Wifi," akasema Nyamizi, "wako umeshamuua." Na wakacheka, na Fisi akacheka, kile kicheko chake kinachosisimua mwili, na Nyamizi akaruka nyuma hatua mbili.

Fisi akayaficha meno. "Bado unaniogopa, mama?"

"Ndiyo, mjomba," akasema Nyamizi, amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili. "Nakuogopa sana. Asante. Asante sana."

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani, mimi nimewaacha wananawa. Na wewe uliyempakata mtoto hapo, hebu mfungue mdomo tuone anatafuna nini.